Stempu ya Harare

Basi abaayo Qali, nilikuwa nimefika wapi? Kwa Ahmednoor. Ulikata simu nikitaja jina lake tu, ndio nimeshika kalamu, karatasi huwezi kunikatia. Lakini kwanza assalaamu aleikum. Mko aje huko Hulugho, watoto, mbuzi, mvua imeanguka? Sisi hapa Garissa wazima, joto tu, na Aabo, huyu baba yetu, bado na daftari yake ya stempu.

Sasa sikia. Ahmednoor alikuja jana kumsalimia Aabo. Amenenepa! Ndevu ametia hina, akikaa kiti inalia. Aabo hata hakumuuliza habari ya safari, akaleta daftari. Si unamjua, mgeni akikubali kuketi lazima aone ya Italia, aone ya India. Wakafika kwa ile ya Zimbabwe, ni moja tu, ile ya sifuri nyingi. Aabo akajigamba ati hii ni ya wakati pesa yao iliharibika. Ahmednoor akacheka, akamwambia adeer, mzee wangu, hiyo pesa nimekula nayo. Alikuwa dukani huko Harare, mshahara akipata asubuhi, jioni haununui mkate. Alilala njaa atume barua moja, na stempu ilikuwa kama hiyo. Akasema alikuandikia wewe Qali umngoje, hakujibiwa, akajua amekataliwa.

Aabo akanigeukia. Akaniuliza kama si mimi nilimletea hiyo stempu. Nikasema nyama inaungua, nikakimbilia jikoni. Hakukuwa na nyama.

Qali, kama umesimama, kaa. Miaka yote unamtukana, ati mwanaume gani haandiki hata barua moja, mpaka ukaolewa na marehemu. Aliandika. Mimi ndio niliitoa posta. Aabo alikuwa mgonjwa, nikataka kumfurahisha haraka, nikatia bahasha nzima kwa beseni ili stempu ibanduke. Nilisahau kuna barua ndani. Wino ilitoka yote, maji ikawa bluu. Nikaogopa ulimi wako, nikanyamaza. Ukangoja mwaka mzima, mimi nakuangalia tu. Nisamehe abaayo.

Sasa anauliza tena kama utamkubali. Ijumaa anarudi Nairobi. Jibu lako usipitishe kwangu. Namba yake iko nyuma ya karatasi, mpigie mwenyewe.

Nilitaka pia kukupa ya mke wa Yarrow, huyo wiki hii ameonekana na... Naimo wa jirani ananiita, gari ya Hulugho imewashwa, dereva anasema barua ije sasa ama aiache. Salimia wote.

Ni mimi dadako, Maka