Kitanda cha Mama na Upande wa Baba

Nyumbani kwa Mama,
Mezani jikoni.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kengele,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa huku. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Wapwa zangu wanaendeleaje, na yule wa mwisho bado anakohoa? Nilimsikia kwenye simu siku ile nikakosa raha. Mfunikeni kifua vizuri, na msinicheke kwamba kinyozi amegeuka daktari.

Sisi ni wazima. Wifi yako anakusalimu na kukulalamikia kwa pamoja. Anasema zamani nilikuwa narudi nyumbani na nywele za watu tu, lakini siku hizi narudi na nywele na maranda ya mbao, na shuka zinawasha. Nimemwambia avumilie, kila mtu ana ulevi wake. Mwenzake wa jirani ana mume anayeleta nyumbani harufu ya pombe.

Nimeamua kuandika, badala ya kupiga simu, kwa sababu maalumu. Kwenye simu wewe na Mkurugenzi mnanizidi mdomo. (Usimwambie kaka yetu mkubwa kwamba bado tunamwita hivyo.) Kabla sijamaliza sentensi moja mmeshaamua, mmeshaagana, nami nimebaki nimeshika simu sikioni kama bwege. Karatasi haikatizwi. Basi kaa chini, soma mpaka mwisho, ndipo uniseme.

Jambo lenyewe ni lile lile la Mama kuhamishwa. Unajua jinsi alivyoanguka akijaribu kutoka kitandani, jirani akamkuta asubuhi ameketi sakafuni, amejifunga kitenge vizuri, anasema anapumzika. Magoti yamemchoka, hilo sibishi. Kaka akatamka kwamba mwisho wa mwezi anamchukua kwake, wewe kwenye simu ukasema sawa, mambo yakaisha. Mama mwenyewe alikuwa palepale, mkono shavuni, anasikiliza wanawe wakijadili pa kumweka kama vile wanazungumzia kabati.

Roho iliniuma, mdogo wangu. Mama huyu anamtambua kila apitaye dirishani kwake kwa mlio wa viatu tu. Kwa Kaka ni ghorofa ya tatu. Huko atakaa mbele ya televisheni tangu asubuhi, na akitaka maji baridi ataomba ruhusa ya kufungua jokofu. Hatalalamika, tunamjua. Atanyamaza tu, na kunyamaza huko ndiko ninakokuogopa.

Nikamwambia Kaka kwamba tatizo si nyumba, ni kitanda. Kile cha zamani kilikuwa chini mno, kimebonyea katikati, na tendegu moja limesimamia tofali. Hata mimi nikikilalia natoka kwa kujikokota. Nikasema nitatengeneza kingine kwa mikono yangu, chenye kimo chake Mama na mahali pa kushika.

Kaka akacheka mpaka akafuta machozi. Akaniuliza kama ni mimi yule yule niliyetengeneza kigoda kinachocheza. Ni mimi, nikamjibu, na kigoda hakichezi siku hizi, nimekitia kipande cha ndala. Alipotosheka kucheka akatoa sharti: Mama akiweza kuamka kitandani peke yake, bila mtu kumgusa, yeye hatasema tena habari ya kuhama. Asipoweza, mizigo inafungwa. Tukapeana mikono.

Basi nikajifunga kibwebwe. Jumatatu saluni haifunguliwi, na siku nyingine nilikuwa nakwenda uani kwangu mara nikivua koti la kinyozi. Mbao nilizichagua moja moja mpaka muuzaji akaniuliza kama natafuta mchumba. Nilitaka ngumu, iliyokauka, isiyopinda. Niliipiga randa hadi nikawa naona kivuli changu, au nilijidanganya hivyo.

Kazi hii imenitia adabu. Nywele ukizikosea, mteja anakununia wiki mbili, zinaota, mnasahau. Mbao haioti. Mfumbati wa kwanza, yaani ile mbao ndefu ya ubavuni, niliukata mfupi kwa upana wa kidole, nikaketi juu yake nikiutazama tu. Umekuwa rafu ya sabuni saluni. Nikanunua mwingine, nikapima mara tatu kila ninapotaka kukata mara moja.

Nilipima kila kitu cha Mama. Kimo cha kiti chake cha jikoni, kile anachoinuka bila shida. Unene wa godoro akiwa amelikalia, maana linabonyea. Hata kiganja chake nilikipima. Nilimshikisha mpini wa ufagio, akasema mwembamba. Nikamshikisha mchi wa kinu, akasema huu ndio. Nikachonga nguzo fupi ya unene huo, nikaisugua msasa mpaka ikateleza, nikaifunga kwenye mfumbati wa upande wa nje, karibu na mchago, yaani upande wa kichwani, kwa gundi na skrubu ndefu. Niliapa kwamba nguzo ile haitoki hata ikivutwa na lori. Kumbuka kiapo hicho.

Kitu kimoja tu Mama alikishikilia yeye mwenyewe. Kaka alishauri kitanda cha mtu mmoja, na mimi niliona ana hoja, chumba kingepata nafasi. Mama akakataa katakata. Alitaka upana ule ule wa cha zamani, wala asipunguziwe. Hatukumuuliza sababu.

Siku ya kujaribu, Kaka alifika amevaa suti, ufunguo wa gari mkononi. Nilikwisha kukiunga kitanda palepale chumbani. Kengele, kilipendeza! Hakikulia hata nilipokirukia. Mama akakipapasa, akanusa vanishi, akaketi ukingoni. Miguu yake ikakanyaga sakafu barabara, kama nilivyopiga hesabu. Nilimwangalia Kaka kwa jicho la pembeni na kifua kimenijaa.

Kisha Mama akajilaza. Akajisogeza, akajisogeza tena, akaivuka nguzo yangu, akalivuka godoro lote mpaka ukutani kabisa, akajikunja huko. Kaka akamwambia haya Mama, amka. Akaanza kurudi. Alifika katikati ya godoro, goti likagoma, akabaki ameegemea kiwiko anahema. Nguzo ilikuwa mbali, mkono haufiki.

Nikapandwa na hasira, tena hasira ya kijinga, ya kumkasirikia Mama. Nikamuuliza kwa nini anakimbilia ukutani wakati nafasi yote hii ni yake, si alale huku nje penye nguzo?

"Huko ni kwa baba yenu," akasema.

Unakumbuka Baba alivyokuwa anatoka kazini na kwenda kazini saa za ajabu? Alilala upande wa nje ili asimruke mtu akiamka, na Mama akalala ukutani maisha yake yote ya ndoa. Baba hayupo, lakini upande wake upo. Kila asubuhi, tangu tumzike, Mama amekuwa akiuvuka upande ule kwa magoti ili atoke. Mimi nilipima kiganja chake, nikapima godoro, nikapima kiti. Sikupima hilo. Ninapitia hapa kila siku na sikujua mama yangu analala upande gani.

Nikajaribu kuokoa jahazi. Nikasema basi ageuze, alaze kichwa miguuni, upande wake utakuwa nje. Akasema hatalala kichwa mlangoni kama gunia linalosubiri gari. Kaka akachezesha ufunguo. Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma, kwamba nimejitahidi, hakuna atakayenilaumu.

Ndipo nikautazama ukuta wa pili, ule wa mkabala. Nikaona kwamba kitanda kikivuka chumba na kuegemea kule, mchago ukibaki ulipo, upande wa Baba ndio utakaobanwa ukutani, na wa Mama utakuwa nje. Kila mtu atabaki mahali pake. Kilichokuwa kimesimama kwenye ukuta huo ni kabati la nguo za Baba, ambalo halijasogezwa wala kufunguliwa tangu siku unayoijua.

Nilimweleza Mama polepole. Nilidhani atakataa. Akalitazama lile kabati kitambo kirefu, kisha akacheka kidogo, kicheko chake kile cha puani.

"Sawa. Mimi nimebanwa miaka yote hiyo, sasa na yeye abanwe."

Kabati lile, ndugu yangu, liliingizwa na watu wanne. Nililikumbatia peke yangu, nikatunisha msuli, halikutikisika. Nikalia, nakwambia wazi, sijui kwa uzito au kwa nini. Niliposikia upande wa pili umeinuka nikageuka, nikamwona Mkurugenzi amevua koti la suti, amekunja mikono ya shati, uso umemvimba. Akanifokea niache kuzubaa, niinue.

Tulitoa nguo kwanza. Mama alizipokea juu ya mapaja, moja moja, akizikung'uta na kuzikunja. Koti la kijivu akampa Kaka. Likamkaa mabegani sawasawa, na Kaka akatoka nje kidogo, akasema anaangalia gari.

Kazi haikuishia hapo. Nguzo yangu sasa ilikuwa upande usiofaa, na kile kiapo cha lori kikanigeukia. Gundi haikukubali maneno. Ilibidi niikate kwa msumeno, nichonge mabaki kwa patasi, nichonge nguzo mpya, na kuitafutia nafasi kwenye mfumbati wa pili. Kaka alinipa mpaka Jumamosi, na saluni nikaifunga mchana mzima mara mbili, wateja wakatembea na vichwa kama vichaka. Kovu la nguzo ya kwanza lipo, ila limeelekea ukutani. Nimeliacha bila kulipaka rangi.

Jumamosi ni jana. Kaka alikuja, safari hii bila suti. Mama akapanda kitandani, akalala upande wake ule ule, akajifunika. Tukasimama pembeni kama askari. Akafungua jicho moja.

"Tokeni. Mimi si sarakasi ya kuangaliwa nikiamka."

Kaka akamkumbusha sharti, kwamba lazima aone kwa macho yake. Mama akasema macho yake ayapeleke ukumbini. Tukatoka, mlango ukafungwa, tukabaki tumeutazama.

Tulisikia shuka. Tukasikia chaga za chini ya godoro zikilia kidogo mara moja, kisha kimya. Kimya kikarefuka. Kaka akanyoosha mkono afungue; nikakishika kitasa kwa mikono yote miwili, nikamwambia akitaka kuingia anivunje kwanza mimi. Tulitazamana hivyo, wazee wawili wazima. Ndani hakukuwa na sauti. Nilianza kuona sakafu ile, kitenge kile, na jirani akiita. Sikuachia.

Kitasa kikazunguka chenyewe mkononi mwangu.

Mlango ukafunguka kwa ndani. Mama alikuwa amesimama, Kengele, kitenge kimefungwa, kilemba kimekaa. Akatuuliza tunang'ang'ania nini mlangoni kwake. Alichelewa, akasema, kwa sababu alikuwa anatandika kitanda.

Leo asubuhi ameamka tena, bila sisi wala sharti la mtu. Kaka ameniambia kwamba neno lake la kumhamisha Mama amelirudisha, limebaki la kwako. Sikudanganyi kwamba magoti yamekuwa mapya. Napita kila asubuhi kabla ya kufungua saluni, jirani ana ufunguo, na kama siku moja kitanda hakitatosha, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kusema. Lakini siku hiyo si leo, na mwisho wa mwezi huu si siku hiyo. Mpigie Mama. Si Kaka, wala si mimi. Mpigie yeye, umuulize anataka kuishi wapi, halafu ukubali atakachojibu.

Nisalimie shemeji, nisalimie wapwa zangu wote, na mwambie yule mkubwa kwamba mjomba anamchongea sanduku lake, lisilocheza. Kaka Mkubwa anakusalimu, wifi yako anakusalimu, jirani mwenye ufunguo naye amesema asisahauliwe. Mungu awape afya na mkate wa kila siku, na awalinde barabarani.

Nilimuuliza Mama kama ana neno la kukuambia, maana naandika hapa jikoni na yeye yuko anachambua mboga. Kwanza akasema hana. Nilipokaribia kufunga barua akaniambia niandike haya, na sasa nimeelewa kwa nini alitaka kitanda kipana. Upande wa Baba, huo wa ukutani sasa, hauna mtu, na wewe hujalala nyumba hii tangu mazishi. Anasema uje, hapo patakutosha.

Ni mimi kaka yako akupendaye bila kuchoka,
Kinyozi, na sasa seremala, upende usipende.