Ndoto Ambayo Bi Mwanakombo Hakuimalizia

Kirongwe, Mafia

Mama yangu,

Shikamoo. Mwili wangu mzima, moyo ndio haujatulia. Vipi magoti yako na baridi ya Njombe? Mahindi mmeshavuna? Huku zahanati imejaa wajawazito na mkunga ni mimi peke yangu. Nikitoka zamu naanguka kitandani kama gogo.

Ndivyo nilivyolala Jumapili baada ya ibada, nikaota nakuja nyumbani. Nimeshuka kwenye basi, barabara ni ile ile, lakini kila nikiikaribia nyumba, inasogea juu kilimani. Nilipoifikia, nikawakuta ndugu wote wamekaa uani. Nikabisha hodi, hakuna aliyeinua uso. Wewe ulikuwa jikoni umenipa mgongo. Nikakuamkia, hukuitikia. Nikarudia kwa lugha yetu, "Kamwene, mama." Hukugeuka. Nikaamka, jua bado liko juu.

Nikaenda kwa jirani yangu Bi Mwanakombo, mzaliwa wa hapa, ambaye ndiye mama yangu wa huku. Alikuwa anakuna nazi. Nilipomsimulia, akaacha kukuna.

"Ulitema mate kushoto ulipoamka?"

"Kwetu hatutemi, Bi Mwanakombo."

"Basi usimsimulie mwingine. Ndoto hufuata mdomo wa anayeifasiri." Akapangusa mikono. "Safari ni habari iliyo njiani. Nyumba inayosogea, kuna jambo unafichwa. Hao ndugu hawakukuchukia, mwanangu. Wanaogopa utauliza."

"Na mama kutoitikia?"

Akainamia tena mbuzi yake ya nazi, akakuna hadi nazi ikaisha, akawa anakuna kifuu kitupu. "Hilo sikufasirii. Piga simu."

Nikapiga. Simu yako akapokea kaka Eliya. "Mama yuko kanisani." Jioni, "Amelala." Kesho yake mchana, "Amelala." Mama, tangu lini wewe ukalala mchana, tena msimu wa mavuno? Nikamwambia anipe wifi. Wifi alipoishika simu akanong'ona, "Wifi, omba ruhusa uje." Ikakatika. Tangu hapo haipatikani.

Ruhusa nimeomba. Mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, amekubali, ila nimsubiri mwenzangu wa kushika zamu. Kuna msichana hapa, mimba yake ya kwanza, mtoto amekaa vibaya. Nikiondoka leo, hana wa kumpeleka hospitali ya Kilindoni. Leo asubuhi alinishika mkono akaniuliza, "Nesi, mbona unanipima mara mbili mbili? Ni mimi?" Nikamwambia si yeye.

Bi Mwanakombo siku hizi hanitazami usoni. Ananiwekea chakula mlangoni na kwenda zake.

Barua hii inaletwa na mwalimu wa hapa anayekwenda likizo Makambako, si mbali na kwetu. Nimemwambia aiweke mkononi mwako, si mwa mwingine. Mwambie kaka sijakasirika. Wifi mshukuru sana. Shangazi anayekaa nawe, mwambie akupikie uji wa ulezi na akuhimize unywe. Watoto pacha wa kaka wabusu wote wawili, asinune mmoja.

Mimi mwanao,
Tumaini

Kaka Eliya, ikiwa mwalimu amelazimika kukukabidhi wewe, na wewe ndiye unayesoma hapa, usinieleze kitu kwenye simu. Lolote mnalotaka kulifanya hapo nyumbani, msilifanye bado. Nisubirini nimwone mama kwanza.