Kikohozi cha Mkwe

Alhamisi, tarehe 10 Aprili

Umepotea wewe mama. Daftari limeota vumbi tangu maharage ya vuli. Ulikuwa wapi? Mikono ilikufa? Mjukuu wako alikaa na wewe jikoni, akakuchorea herufi kwa mkaa kwenye ubao wa mlango, wewe mtu mzima ambaye hujakalia dawati hata siku moja. Ili iwe nini? Uandike ukijisikia? Kaa chini. Andika.

Haya. Nimekaa.

Mvua. Ng'ombe nimemkamua, maziwa kidogo, naye kanuna kama mimi. Barabara ya Bumbuli imekatika. Ukingo mzima umeteremka, bodaboda hazipiti. Na Rehema, kitinda mimba wangu, tumbo limeshuka. Kapiga simu. Hospitali iko karibu na kwake, lakini anasema hatoki nyumbani mpaka anione mlangoni. Mtoto wa kwanza alimzaa bila mimi. Mtoto hakuishi. Safari hii kaapa. Nimemgombeza mpaka simu ikakatika. Hakusikia. Ukaidi ule ni wangu, nilimnyonyesha mwenyewe.

Mumewe, Hoza, anakuja kunichukua kwa miguu. Tutapita njia ya juu, ya msituni. Mimi na mkwe wangu, porini, wawili tu. Sipendi.

Ijumaa, tarehe 11 Aprili

Kafika. Kalowa mpaka mfupa. Kasimama nyuma ya migomba, uso chini, shikamoo mama. Nimeitikia nikiwa nimempa mgongo. Ndivyo inavyotakiwa. Mkwe hamtazami mama mkwe, hali naye, halali chini ya paa lake. Kalala kwa jirani.

Nimefunga mzigo. Unga wa uji. Nguo za mtoto. Na mbeleko. Hii Hoza aliileta mwenyewe alipomuoa Rehema, kitenge kizito cha bluu, kunirudishia ile niliyombebea binti yangu mgongoni. Tangu siku hiyo imelala sandukuni. Sijaivaa. Kesho inakwenda kumbeba mtoto wake.

Akipatikana mzima. Ee Mungu.

Jumamosi, tarehe 12 Aprili

Naandika kibandani. Tumekwama.

Asubuhi jua lilituchoma migongo. Nikavua sweta. Kupanda kidogo, upepo, nikalivaa. Tena jua. Hoza mbele, mimi nyuma, kati yetu umbali wa heshima. Hawezi kuniita, hawezi kugeuka kunitazama. Kwa hiyo anakohoa. Akikohoa najua yuko wapi. Nami nikigonga fimbo kwenye jiwe anajua nipo. Tulikwenda hivyo vizuri tu, kama ng'ombe na kengele.

Kisha ukungu. Ukaingia msituni kama moshi wa kuni mbichi, sikuona hata mkono wangu. Nikasikia kikohozi kulia. Nikasikia kushoto. Mvua ikaanza kupiga majani, sikusikia tena chochote. Mtu mwenye akili angeita. Mimi nikaona haya kumpigia mkwe kelele msituni. Nikafuata njia niliyoiona. Haikuwa njia. Udongo ukaondoka na mguu wangu.

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Aibu yote iliisha mara moja.

Kaja mbio. Kasimama hatua chache juu yangu, kaninyooshea ncha ya fimbo yake, kageuza uso. Kanivuta kwa fimbo. Hata mkono hakunishika. Kifundo cha mguu kimevimba kama kiazi.

Kibanda hiki ni cha mwenye shamba la viazi, anakokaa kufukuza ngedere. Chumba kimoja, mlango hauna. Mbele yetu kijito kimejaa, kinabeba magogo. Nyuma, ule mteremko nilioangukia umekwenda chini wote na njia yake. Simu ni kioo tu, mtandao hakuna.

Na Hoza kakaa nje. Kajikunyata chini ya jani la mgomba, mvua inamtwanga. Ndani nipo mimi, basi yeye haingii.

Jumapili, tarehe 13 Aprili

Mvua. Kijito hakijashuka hata kidogo.

Nina hasira. Na mvua, na mguu, na Rehema, na huyu kijana hapo nje. Kuta za fito zimenizunguka, nikitoka naanguka, nikibaki mwanangu anakaa na uchungu wake kwa ukaidi. Sijui kama umeanza. Ndicho kinachonila. Sijui.

Tumechimba viazi viwili vitatu vya watu, mwenye shamba atusamehe. Nimevichoma. Vyake naviweka juu ya jiwe mlangoni, kisha nageukia ukuta mpaka amalize. Naye akila mimi sioni, nami nikila yeye haoni. Wawili wenye njaa moja.

Kisha kikohozi. Si kile cha jana. Hiki kinatoka chini kabisa, kinamkunja. Nikamwambia ingia. Nikamwambia tena.

"Mama, niko sawa hapa."

"Huko sawa. Unapasuka kifua. Ukinifia hapo mlangoni kwa ajili ya adabu, nitamwambia Rehema nini? Kwamba mumeo alikuwa na heshima sana?"

Nikasikia anacheka, kisha akakohoa tena. Hakuingia.

Basi nikafungua mzigo. Nikachukua mbeleko nikaitundika kwenye mti wa paa, ikagawa kibanda katikati. Nikamwambia: sasa hii ni nyumba mbili, upande ule ni kwako, sijakualika kwangu. Akaingia huku akiomba radhi kwa kitenge. Moto nimeuweka chini ya pindo, kila mtu kapata nusu.

Jioni jua likatoka, jekundu, zuri, la dhihaka. Kisha mvua tena.

Jumatatu, tarehe 14 Aprili

Nimefika. Naandika nikiwa nimekaa benchi, nje ya wodi. Niandike kwa mpangilio nisije nikachanganyikiwa.

Asubuhi kijito kilishuka, maji ya magotini. Hoza akakivuka, akarudi. Akasema njia ya mbele ipo. Mimi nikasimama, nikakaa. Nikasimama kwa fimbo, nikakaa tena, machozi yakanitoka, ya hasira. Nikamwambia nenda. Mwambie mkeo aende hospitali, mama anakuja nyuma.

Akajibu kutoka upande wake wa kitenge, polepole, anatafuta maneno.

"Mama, unamjua mwanao. Ataniuliza nimekuacha wapi. Nikisema msituni, atatoka na tumbo lile kukufuata."

Kweli. Angetoka. Hata mimi ningetoka.

Kile alichokuwa anakifikiri nami nilikuwa nakifikiri, na hakuna aliyekuwa na mdomo wa kukisema. Mkwe kumgusa mama mkwe. Mama yangu angesikia angezimia. Nikaitazama mbeleko imening'inia pale, bluu, inanuka moshi. Nikaona hii ndiyo kazi yake. Kitu cha kubebea mtu.

Nikaishusha. Tukaonana uso kwa uso, mara ya kwanza tangu amuoe. Ana macho mazuri, maskini, mekundu kwa homa.

Nikamwambia, "Inama. Hunishiki wewe, inanishika mbeleko. Uliinunua mwenyewe."

"Mama, nisamehe."

"Nitakusamehe ng'ambo ya mto. Inama."

Nikajifunga mgongoni kwake kama mtoto. Mimi ni mwepesi siku hizi, nimebaki mifupa na mdomo. Nikafumba macho. Masikio yake yalikuwa yanawaka kwa haya, nilihisi joto lake mpaka shavuni. Maji yalinilamba vidole. Aliteleza mara moja, akapiga goti, hakuniachia. Kila alipokohoa nami nilitikisika. Nikawa nampiga mgongoni, taratibu, kama nilivyowapiga wanangu wote. Sikujua nafanya hivyo mpaka tulipofika juu.

Tulipotoka msituni wanawake walikuwa wanavuna kabichi. Wakaacha kazi. Mmoja akapiga kelele, "Jamani! Hoza kaoa wa pili, kamchagua aliyeiva!" Wakaangukiana kwa kicheko. Nikafumbua macho nikawajibu, "Wa kwanza anazaa, nyie mnacheka! Acheni kabichi mkatafute machela!" Kicheko kikakatika. Wawili wakatupa visu, wakakimbia.

Rehema alikuwa mlangoni, kashika fremu kwa mikono miwili. Katuona. Akataka kucheka, uchungu ukamkata katikati. Ulikuwa umeanza tangu jana jioni. Tangu jana! Sikuwa na nguvu ya kumgombeza. Nikafunguliwa, nikamshika uso, nikamwambia umeniona, haya, twende. Akakubali. Watu wakambeba kwa machela. Mimi nikaletwa nyuma, juu ya baiskeli ya kubebea ndizi, inasukumwa.

Sasa yuko ndani. Nami niko huku. Mlango huu nao umefungwa. Siku zote hizi natoka kwenye ukuta naingia kwenye ukuta. Hoza kakaa mwisho kabisa wa benchi lingine, kanipa mgongo, kama desturi. Anakohoa.

Jumanne, tarehe 15 Aprili

Wa kike. Mzima. Analia kwa sauti ya bibi yake.

Mvua imekatika. Milima iko wazi, unaona hadi mashamba ya chai.

Mbeleko nimeifua bombani. Tope limetoka, harufu ya moshi imebaki. Nimeianika juani.

Hoza kapita uani, uso chini. Shikamoo mama. Nimeitikia nikitazama ukuta. Kisha nimechemsha uji wa tangawizi, mwingi, nimempa Rehema. Nimemwambia huu mwingine ni wa mumeo, usiseme ni mimi. Kacheka. Kasema atajua tu.

Nimechoka. Nafunga daftari.

Na wewe mama, usipotee tena mpaka vumbi likae. Ukirudi hapa, kwanza kabisa andika jina la mtoto, kwa herufi kubwa. Kisha andika kama kikohozi cha Hoza kimepona. Mwenyewe huwezi kumuuliza. Muulize Rehema.