Mstari wa Karibu na Lango

4 Juni

Kwa Bibi, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Anayekuandikia ni mkulima ambaye udongo ukimsikia anakohoa tu, unajilima wenyewe. Usicheke, utatonesha jicho. Linaendeleaje? Daktari ameshakufungua bandeji? Huku sote wazima, mimi nikiwa mzima kuliko wote.

Shamba lako la vitunguu saumu limenenepa, watu wakipita njiani wanapunguza mwendo. Jana Baba Mdogo alikuja kuchungulia, mikono nyuma kama mkaguzi. Akauliza, "Hivi ni vyako au vya Bibi?" Nikamwambia, "Vya Bibi, ila vinaniita baba." Hakucheka. Najua anachowaza. Ulisema ukirudi utaamua shamba hili umkabidhi nani, yeye au mimi, naye anaona mtu aliyekimbia shule hawezi kulea hata kitunguu.

Sasa swali moja, si kwamba sijui. Katikati ya kila mche limetoka bua gumu la kijani, limejikunja kama mkia wa nguruwe. Nalifanyaje?

Mumeo mdogo


9 Juni

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Jicho bado limefungwa. Shangazi yako ndiye anayeniandikia, na ndiye anayenisomea barua zako, anacheka mpaka anaruka mistari. Unakula lakini? Nakujua, ukiwa peke yako unashindia chai.

Hilo bua tunaliita mkia. Saumu yetu ni ya shingo ngumu, si kama ile laini ya dukani. Lazima itoe mkia, na mkia ukiachwa unanyonya nguvu yote, chini unakuta kitunguu kama kifungo cha shati. Ukishajikunja mzunguko mmoja, ukate kwa kisu juu ya jani la mwisho, asubuhi. Usiuvute, utang'oa mtoto na mama yake. Wala usitupe, ni mboga hiyo.

Ila mstari wa karibu na lango usiuguse. Huo ndio saa yangu. Siku mikia yake itakapojikunjua na kusimama wima, ujue huko chini vimekomaa, ng'oa shamba zima. Ukiwahi, vidogo. Ukichelewa, vinapasuka, na kilichopasuka hakifiki msimu wa kupanda. Mbegu hii nilipewa na mama yangu. Sina nyingine, na hakuna wa kuniazima.

Bibi yako


18 Juni

Bibi,

Shikamoo, na Shangazi shikamoo, naye asome kila mstari maana kila mstari ni mtamu. Nakula vizuri, na leo nitakwambia nakula nini.

Nimekata mikia. Vitita kumi na vinne, kila kimoja nimekifunga kwa jani lake. Nikapeleka kwa mpishi wa bweni la wanafunzi, yule ambaye hata supu yake mwenyewe anaitukana. Akaikaanga kwa mafuta kidogo na chumvi. Akatafuna, akachota mingine, akatafuna tena, halafu akawaambia wasaidizi wake, "Mleteeni Fundi kiti."

Fundi ni mimi, Bibi. Nilikikalia kile kiti mpaka wakaanza kudeki chini ya miguu yangu.

Ameomba mingine. Nimemjibu kwamba kizuri hakina haraka. Mstari wa lango upo, umejikunja vilevile, saa yako haijagonga.

Fundi, ambaye pia ni mumeo


27 Juni

Bibi,

Shikamoo. Natumaini jicho linapata nafuu.

Kuna jambo baya limetokea. Ndama wa Baba Mdogo alikata kamba akaingia langoni, akala mikia yote ya mstari wako. Mimi nilikuwa kisimani. Niliporudi nikakuta imeisha. Sasa siku ya kung'oa nitaijuaje?

Mjukuu wako


3 Julai

Mume wangu,

Jicho limefunguliwa, naona mwanga na naona Shangazi yako amenenepa. Wewe barua yako imekuwa fupi mno, nikahofu unaumwa. Usijilaumu. Hukumzaa wewe huyo ndama.

Baba yako Mdogo nimempelekea maneno, mengine Shangazi alikataa kuyaandika. Nimemwambia ndama aondoke uani kwangu, na yeye mwenyewe asikanyage shamba langu. Hajajibu neno.

Sasa itabidi utumie vidole. Majani matatu ya chini yakikauka, fukua kitunguu kimoja, ukikate katikati. Punje zikiwa zimejaa na kubana ngozi, ng'oa. Kama bado ni nyembamba, ngoja siku tatu, ufukue kingine.

Ukivuna salama bila saa, shamba ni lako lote. Nilikuwa nimefikiria kuwagawia nusu kwa nusu, lakini mtu anayeshindwa na kamba ya ndama nimpe shamba la nini?

Bibi yako


26 Julai

Bibi,

Shikamoo. Kaa vizuri kwanza.

Nimevuna. Nilifukua cha kwanza, kikawa chembamba. Cha pili, bado kidogo. Cha tatu nilipokikata, punje zilikuwa zimebanana kama abiria wa bure. Nikang'oa siku hiyohiyo. Hakuna hata kimoja kilichopasuka, Bibi, nimevikagua vyote. Vina michirizi ya zambarau, na vikubwa vinalingana na ngumi yangu, na ngumi yangu unaijua. Vimening'inia ghalani ishirini ishirini, upepo unapita katikati. Vikubwa nimevitenga vya mbegu. Mpishi amekuja kuviona, akavua kofia.

Siku ile ya kung'oa wingu lilikuwa zito na nilikuwa peke yangu. Baba Mdogo akatokea. Hakukanyaga shamba, kama ulivyomwagiza. Alisimama njiani nje ya lango, mimi nikawa nampokeza, yeye anafunga. Tulipofika mstari wa lango akashika mche mmoja, akapitisha kidole gumba pale mkia ulipokatika. Palikuwa sawasawa, kama pamepigwa rula.

Akasema, "Ndama wangu siku hizi anatumia kisu."

Nilidhani atanizaba kofi. Akaomba kamba nyingine, akaendelea kufunga mpaka fungu la mwisho, mvua ikatukuta tunaingiza ghalani. Nilimuuliza kwa nini hakukwambia. Akasema, "Anayemwandikia barua ni wewe."

Siku tisa nimekaa na karatasi hii. Uliniahidi shamba lote, na hilo neno nimelisoma mara nyingi kuliko vitabu vyote vya shule. Ukiamua vingine baada ya hapa, ghala lina kufuli na ufunguo nimempa yeye.

Mpishi alipata wageni. Akamtuma msaidizi aje kuuliza kama Fundi anacho kitita kimoja tu, na shambani palibaki mstari mmoja. Yule msaidizi alikuwa amesimama ananitazama, nikaona aibu kusema sina. Ndama alikuwa amefungwa, Bibi, na Baba Mdogo umemfukuza bure. Mikia niliikata mimi.

Mjukuu wako