Kidole Kisicho na Wino

Mshangano, Songea

Mke wangu mdogo Fausta,

Marahaba. Mke mwenzio, yaani bibi yako, goti linamsumbua, mdomo hauna shida. Mahindi yamekubali.

Unauliza kura moja ina faida gani. Nilipokuwa namchumbia bibi yako, baba yake aligombea udiwani. Kijiji kizima kilikuwa upande wake, basi kila mtu akajua wenzake watampigia. Mimi nikaenda zangu kilabuni kunywa komoni. Mzee akashindwa kwa kura moja.

Jumapili akatualika ugali sisi vijana wa kijiji. Tukashangaa mzee mzima anashika birika, anatunawisha mwenyewe. Kumbe anakagua vidole. Kwangu maji yakakoma.

"Kijana, wino wa kura uko wapi?"

"Umefutika, baba."

"Mbona wa binti yangu haujafutika? Utamwoa uchaguzi ujao, ukija na kidole chenye wino."

Nikangoja miaka mitano, mjukuu wangu.

Juzi tu ndipo bibi yako alipokiri kwamba siku ile kura yake alimpa mpinzani. Alihofia baba yake akiwa diwani atadai mahari ya binti wa diwani, na mimi nilikuwa na mbuzi wawili.

Nenda kapige kura.

Mumeo asiye na meno,
Babu