Bunduki Niliyoirudisha

Kaka Mwita, shikamoo. Pokea salamu zangu kutoka huku machimboni Kerende.

Huyo simba wa kwenye picha ya kadi hii asikutishe. Wanaonisumbua mimi ni fisi, wanafuata mifupa ya supu yangu. Asubuhi nikifika kibandani nawakuta wameshatangulia, kama wateja wa kila siku.

Uliniambia nichague moja: nirudi niolewe na yule rafiki yako mwenye bunduki, au nitafute bunduki yangu mwenyewe. Basi nikatafuta. Mwindaji mmoja mzee alinionyesha gobore. Nikamuuliza, nikimkosa fisi je? Akajibu, "Unashindilia baruti upya, mwanangu. Ukiwahi." Nikamrudishia gobore lake. Akatoa bunduki ya kisasa, nyepesi, nikaitundika begani na kweli ikanipendeza. Ndipo mchimbaji mmoja, mteja wangu, akanivuta pembeni. "Mama Supu, ukipita na hiyo hapa, watu watajua una dhahabu. Watakaokujia ni wabaya kuliko fisi."

Nayo nikairudisha. Siku hizi mifupa naifukia mbali, nina mbwa wawili wakali, na panga la marehemu mama liko kiunoni. Jana fisi mmoja alinitazama, nami nikamtazama. Aliyeondoka ni yeye.

Kwa hiyo sirudi, na siolewi kwa sababu ya bunduki. Nimekukumbuka sana, kaka. Msalimie wifi, mwambie alale usingizi: ng'ombe wa mahari unaowataka ili uolee mke wa pili hawatatoka kwangu.

Mdogo wako, Ghati