Programu ya Jesca Imeingia Simuni Mwangu

Gongo la Mboto, Jumapili

Kaka Albano, shikamoo.

Sie wazima, na mguu wangu umepona. Mpwa wako Jesca anatengeneza programu ya simu ya wachonga vinyago wa Mwenge. Anaiandika mara moja tu, inafanya kazi kwenye simu za aina zote! Wiki nzima alikuwa anaiandaa kompyuta, anapakua vifaa vyake. Mie kwa kubana umeme nikachomoa waya, kumbe betri yake imekufa, kompyuta ikazimika kazi ikiwa katikati. Akaanza upya, wala hakuninunia.

Jana akaniambia, "Mama, lete simu yako tuijaribie." Ili simu ikubali programu ya majaribio, akanielekeza pa kubonyeza mara saba kwenye mipangilio, simu ikaandika kwamba sasa mie ni msanidi programu, yaani mtengenezaji. Mie, wa darasa la saba!

Halafu simu ikagoma kuipokea programu. "Imejaa, Mama. Futa kitu."

Kaka, zilizoijaza ni video zako za nyumba na mikorosho ya huyo kijana unayetaka amuoe Jesca, ili binti aache kompyuta arudi Masasi. Nimezifuta zote. Programu ikaingia, ikafunguka, vinyago vikajaa kiooni.

Mwambie kijana wa watu atafute mwingine.

Mdogo wako akupendaye,
Monica, mama wa fundi